Kitenzi Kilichoniletea Barua ya Onyo

Ninayo mfukoni barua ya onyo iliyokunjwa mara nne, na kosa nililoandikiwa humo si kulala lindoni wala kuchelewa zamu, bali ni kutumia kitenzi cha Kiingereza ambacho hata mtoto wa chekechea anakijua: "go".

Mimi ni mlinzi wa usiku katika ghala la vipuri. Kampuni yetu inataka kila taarifa iandikwe kwa Kiingereza, ingawa mimi ninayeandika na msimamizi anayesoma sote tumezaliwa Tanga, na tukikutana penye mihogo ya kukaanga hatusemezani hata neno moja la lugha hiyo. Jumanne iliyopita, saa nane usiku, umeme ulikatika. Nikamwandikia ujumbe wa simu, kwa uaminifu wote, kwamba "the lights went off", yaani taa zimezimika. Na kwa kuwa king'ora nacho kinategemea umeme huohuo, nikaongeza kwamba "the alarm went off". Kisha nikarudisha simu mfukoni, nikamimina kahawa.

Haikupita nusu saa, yakaingia magari mawili ya askari wenye mbwa, na nyuma yao msimamizi mwenyewe, amevaa msuli na kiatu kimoja, akiuliza wezi wameelekea wapi. Wezi gani? Hapo ndipo nilipofahamishwa, mbele ya mbwa, kwamba taa ikifanya "go off" imezimika, lakini king'ora kikifanya "go off" kimelia. Bunduki ikifanya hivyo imefyatuka, maziwa yakifanya hivyo yameharibika, na mtu akifanya hivyo ameondoka zake. Herufi tano, kazi tano. Lugha iliyopanda meli ikazunguka dunia nzima ilikosa nini hata isiokote njiani neno moja la ziada kwa ajili ya king'ora?

Siku yangu ya mapumziko nilimwendea jirani yangu, mwalimu mstaafu, nikaazima kamusi yake nene inayoeleza asili ya maneno, maana nilitaka kujua kitenzi hiki kiliharibikia wapi. Kumbe kilizaliwa na hitilafu. Waingereza wa kale, wale wa kabla ya 1066, walisema "gan" kwa maana ya kwenda, na wakati uliopita wake ulikuwa "eode", neno lisilofanana na "gan" hata kwa kope. Baadaye "eode" ikachakaa, na badala ya kukaa chini na kushona vazi jipya, watu wa kusini mwa Uingereza, kufikia karne ya 15, walikwisha kuruka ua na kumwanulia jirani nguo zake. Jirani huyo ni kitenzi "wend", yaani kugeuka na kushika njia, ambacho wakati uliopita wake halali ulikuwa "went", kama vile "send" inavyozaa "sent" na "bend" inavyozaa "bent". "Went" ikachukuliwa hivihivi mchana kweupe, na "wend" maskini akalazimika kujitengenezea "wended", ambayo leo ni nadra kuiona ikivaliwa. Waskoti peke yao ndio walioona haya: wao walichukua "gae" yao, wakaiongezea mkia kama vitenzi vingine vya watu wenye adabu, wakapata "gaed".

Sasa nieleweke vizuri. Nilipokuwa darasa la nne nilichapwa viboko viwili kwa kuandika "goed". Miaka yote hii nimeamini kwamba nilichapwa kwa ujinga, kumbe nilichapwa kwa kukataa kupokea mali ya wizi.

Hata maana yenyewe hawakuitunza. Zamani "go" ilikuwa kutembea kwa miguu, na mpaka karne ya 17 walikuwapo watu waliotenganisha kukimbia na "go", kwa kuwa anayekimbia ni mwingine na anayetembea ni mwingine. Hiyo ni maana safi, ambayo mlinzi anaweza kuiandikia taarifa. Leo msimamizi wangu akiamua kutoondoka ofisini husema "I am going to stay here", yaani anakwenda kubaki, na hakuna anayemwandikia barua. Ile "ago" wanayoisema kwa mambo ya kale ni "go" huyohuyo, aliyekwenda zake akajibanza nyuma ya irabu. Na "gang", wanaloliita genge la wahuni, asili yake ni kwenda, yaani watu waendao pamoja. Kwa hiyo hata wale wezi ambao hawakuja usiku ule wana undugu wa damu na kitenzi kilichoniponza.

Nilikuwa nikiyasema haya mezani, kwa sauti niliyodhani ni ya wastani, wakati binti yangu wa kidato cha pili, ambaye huruma alizozaliwa nazo zote amezimalizia kwa paka, aliponikatiza.

"Baba, sisi nasi tuna yetu. Ile 'ta' ya wakati ujao inatokana na kutaka. Tazama 'umeme utakaokatika': hiyo 'taka' imo humo ndani mpaka leo. Je, umeme unataka kukatika?"

Nikamjibu kwamba kwa umeme wa mtaa wetu, ndiyo, unataka. Lakini kusema kweli jambo hilo lilinichoma. Mwingereza akitaja kesho anakwenda, Mswahili akitaja kesho anataka, na mimi nilikuwa nimeshajiandaa kulaumu upande mmoja tu. Nikaona ni heri nimalize mazungumzo kwa mamlaka niliyonayo kama mzazi.

"Nenda kaoshe vyombo," nikamwambia.

"Sawa, Baba. Ila kitenzi ni 'enda'. Pika ni 'pika', soma ni 'soma'. Hiyo 'n' ya mbele tumeiazima kwa nani?"

Nikachukua tochi na chupa yangu ya kahawa, nikaondoka kuelekea lindoni saa nzima kabla ya zamu.