Jina Langu Mnanifundisha Ninyi?

Ni nani aliyeupa mtandao wa kijamii mamlaka ya kunidai “jina halisi”, kisha kuamua kwamba jina ninaloitwa na kila anayenijua si langu? Mwaka 2011 Facebook ilimgeuza mwandishi Salman Rushdie kuwa Ahmed, jina la kwanza katika pasipoti yake ambalo halitumii, na jina lake la Salman halikurudishwa mpaka alipopiga kelele hadharani. Sasa sisi tusio na umaarufu tumlilie nani? Mwenye jina moja tu anaandikiwa kwa wino mwekundu kwamba hajakamilika! Mwanamke aliyemkimbia mume mpigaji anadaiwa kitambulisho, jina lake lianikwe mbele ya yuleyule anayemsaka! Korea Kusini ililitungia sheria sharti hili la jina halisi mtandaoni, Mahakama yake ya Katiba ikaifuta sheria hiyo mwaka 2012. Na matapeli wenye vitambulisho vya kughushi? Wanapita bila kuulizwa.