Potali inasema "inashughulikiwa" tangu mwezi wa pili

Niko kwa matatu ya Ngong Road natoka shifti ya naiti, macho yanawasha kama yamemwagiwa mchanga, na kitu ya kwanza nafanya hata kabla sijampa konda pesa yake ni kufungua imeili. Hakuna. Nafungua spamu, huko kuna mtu anataka kuniuzia ploti Kitengela. Naingia kwa potali ya chuo, naweka paswadi, na pale kando ya jina langu yako yale maneno nimeyasoma mpaka nayaota: maombi yanashughulikiwa. Niliaplai mwezi wa pili. Saa hii tunamaliza wa saba na masomo yanaanza Septemba.

Mimi ni nasi. Nilianza na diploma KMTC, chuo cha serikali cha kufunza kazi za afya, ile ya miaka mitatu inakutoa na jina refu kama treni, KRCHN, yaani nasi aliyesajiliwa wa afya ya jamii, nikafanya kazi, nikarudi kutafuta digrii nikisoma kwa matatu na kulala kwa viti, na sasa nataka masta ya uuguzi wa wagonjwa mahututi kwa sababu nimekaa ICU miaka sita na kuna vitu nimechoka kufanya kwa mazoea tu bila kuelewa vizuri kwa nini tunazifanya hivyo. (Wagonjwa wananiita daktari. Mwenzangu wa kike, yunifomu moja, kazi moja, mara nyingi ananishinda hata mimi, yeye ni sista. Nilikuwa nawarekebisha, siku hizi naitika tu.)

Kuaplai kwenyewe ni kazi ya pili. Transkripti ya diploma iko kwa ofisi moja, ya digrii iko kwa ingine, na ile ya kwanza wanataka uje mwenyewe, siku ya wiki, asubuhi, na wewe uko na shifti. Wakili wa kukupigia muhuri. Leseni ya Baraza la Wauguzi iwe haijaisha. Barua mbili za marefarii, na hapo ndio utajua tofauti ya mtu anakupenda na mtu anakuandikia barua, kwa sababu mhadhiri wangu wa zamani nilimtumia meseji za kumkumbusha mpaka nikaanza kuona aibu, nikawa naanza kwa kumuuliza watoto wanaendeleaje. Alafu ile insha ya kueleza ni utafiti gani unataka kufanya, niliandika saa tisa usiku vintileta, zile mashine za kupumulia, zikilia nyuma yangu, sijui hata niliandika nini. Alafu ada ya maombi, elfu tatu, hairudishwi. Hiyo "hairudishwi" waliiandika kwa herufi kubwa, huwezi kosa kuiona.

Sasa mimi sigombani na ugumu. Masta iwe ngumu. Wanikatae hata, kama kuna wenye wamenizidi. Shida yangu ni hii kimya.

Nje ya ICU yetu kuna benchi. Watu wa mgonjwa wanakaa hapo kutoka asubuhi, wengine wametoka Kitui na bas la usiku, na kitu nimejifunza kwa miaka sita ni kwamba habari mbaya haiwamalizi vile kimya inawamaliza. Mtu ukimwambia, mama, mzee bado yuko kwa mashine, presha ilishuka usiku tukaipandisha, daktari anampitia saa nne, nitatoka nikuambie, huyo mama ataenda kunywa chai. Hujamwambia kitu mpya. Hujamwambia mzee atapona. Lakini amejua mzee wake ako kwa mikono ya mtu na kuna saa nne inakuja. Sasa mwenye hajaambiwa kitu ndiye utamuona anachungulia kila mlango ukifunguka, anasimamisha mpaka mtu wa kufagia amuulize, na kufika jioni ameshamzika mtu wake kwa kichwa mara kumi. Mimi kwa hii simu ndio huyo wa kuchungulia mlango. Konda ameniuliza pesa mara mbili sijamskia.

Na sisi tunafunzwa hii kitu na vyuo hivi hivi! Hutoki kwa shifti bila kupeana ripoti. Hata kama usiku ulikuwa umetulia kabisa unasimama kwa kila kitanda unasema huyu hivi, huyu vile, huyu tunangoja matokeo ya maabara. Na unaandika kwa kadeksi, ile rekodi ya wagonjwa, kwa sababu kitu haijaandikwa haijafanyika, walitupigia hiyo kelele mpaka ikaingia kwa damu. Sasa mbona mtu amenifunza hivyo hawezi kuandika laini moja kwa potali: tumesoma fomu yako, kamati inakaa tarehe fulani, utajibiwa kabla ya tarehe fulani. Hiyo ni ripoti tu. Sio lazima iwe ndiyo.

Najua wataniambia watu ni wengi. Wengi kiasi gani? KCSE ya 2024, mtihani wa kumaliza sekondari, ilifanywa na watoto zaidi ya laki tisa, wakamaliza Novemba, na tarehe 9 Januari kila mtu alikuwa na gredi yake, mpaka yule wa kijijini kabisa. Na kabla mtihani uanze walikuwa wameshapewa ratiba. Hii masta yangu inachukua watu wa kujaza matatu moja, na sidhani walioaplai wanajaza bas mbili.

Nitawatetea kidogo pia. Fomu haisomwi na mtu mmoja, inapita idara, inapita kitivo, inaenda ofisi ya wanafunzi wa uzamili, na ofisi moja ikilala zote zinalala. Wahadhiri nao wanagoma, na wako na sababu. Sisi wenyewe 2017 tulikuwa kwa mgomo miezi mitano, Juni mpaka Novemba, kwa hivyo hapo mimi si mtu wa kurushia mtu mawe. Lakini basi niambie tumechelewa kwa sababu ya mgomo. Nitaelewa kuliko mtu yeyote.

Nilikuwa na rafiki tulifanya naye digrii, yeye aliaplai Marekani. Huko kuna siku inajulikana, tarehe 15 Aprili, vyuo vingi vilikubaliana kwamba mwanafunzi aliyepewa nafasi na ufadhili hasukumwi kujibu kabla ya hapo, kwa hivyo mtu anahesabu kwa kalenda. Alitumia pesa mob, mtihani wa Kiingereza (na amesoma kwa Kiingereza tangu darasa la nne, lakini tuache hiyo), kulipia vyeti vikaguliwe, kila kitu kwa dola. Chuo cha kwanza kikamkataa mwezi wa pili, paragrafu mbili za adabu. Alilia wikendi nzima. Jumatatu alikuwa anajaza fomu ya kwingine, maana alikuwa ameambiwa. Mimi sina hata kitu ya kulilia.

Na kungoja kuna bei yake, si eti ni roho tu inauma. Kazini, ili nipewe ruhusa ya masomo, kamati inataka barua ya kukubaliwa miezi mitatu kabla. Mwaka jana kuna mwenzetu barua yake ilitoka wiki mbili kabla ya kuripoti, kamati ikamwambia umechelewa, na nafasi ikaenda. Yaani alikubaliwa na akakosa. Kwa chama chetu cha kuchanga pesa, zamu yangu ya kubeba ilikuwa Agosti na nilikuwa nimeipigia hesabu iende kwa fii, sasa sijui nibebe ama nibadilishane na mtu. Nyumba nayo, nilikuwa nataka kuhama nisogee karibu na chuo, huyo lendilodi wa huko ameacha kushika simu zangu.

Mama naye anapiga kila Jumapili. "Baba, barua ilikuja?" Kwake yeye barua inakuja kwa posta, na bahasha. Nilimwambia siku hizi inakuja kwa simu. Akanyamaza kidogo akauliza, "Na simu yako iko na chaji?"

Nilipiga kwa hiyo ofisi wiki iliyopita. Ilishikwa mara ya tano, mama mmoja mpole sana, akaniuliza nambari ya maombi, nikaskia akipekua karatasi, akaniambia, "Inashughulikiwa, daktari." Nikamwambia asante.

Leo asubuhi wakati wa kupeana ripoti inchaji wa wodi amenivuta kando, anatengeneza rota ya mwezi wa tisa. Ananiuliza nikuweke ama nisikuweke, na si kwa ubaya, anajua nangoja, ni yeye aliniandikia barua moja. Nimesimama hapo na kadeksi mkononi sina jibu. Nimemwambia aniweke. Amenipatia naiti, wiki mbili za kwanza.