"Hawanywi vidonge hawa"

Kauli inayonikera kliniki zetu za huku ziwani ni hii: "Wajawazito hawa hawanywi vidonge vya damu." Husemwa kila wingi wa damu unaposoma chini ya gramu 11. Haya, wapo wanaovitupa. Lakini mama huyo aliambiwa nini alipokabidhiwa vidonge hivyo vya madini chuma? "Kimoja kila siku." Basi.

Hakuambiwa kwamba choo kitakuwa cheusi, na kwamba weusi huo ni madini chuma ambayo mwili haukuyafyonza. Anakiona, anaogopa, anaacha. Hakuambiwa habari ya chai pia. Asubuhi anasukumia kidonge kwa chai ya rangi na kiazi, na chai inayakamata madini humo humo tumboni. Kidonge ni cha maji, ikiwezekana na chungwa, na chai isubiri walau saa nzima. Usiku kabla ya kulala ndio wakati mzuri, maana hata kichefuchefu kinampata amelala. Kikizidi, ale kidogo kwanza; sehemu ya madini itapotea, ila ni afadhali kuliko kuacha kabisa. Choo kikiwa kigumu, aongeze maji, papai na mboga za majani. Udongo wa pemba nao hufunga madini kama chai, na hamu ya udongo mara nyingi ni dalili kwamba damu imeshapungua. Anayeutafuna asizomewe, apimwe.

Kisha hesabu. Ratiba ya Shirika la Afya Duniani ya 2016 ina mahudhurio manane: la kwanza kufikia wiki ya 12, la pili wiki ya 20. Hapo katikati ni siku 56. Ukimpa mama vidonge 30, siku 26 hana kitu, halafu tunamwita mzembe! Mtoto anajiwekea akiba ya chuma ya miezi yake ya mwanzo kutoka kwa huyu mama, na huyu mama ndiye atakayetoka damu siku ya kujifungua.

Malaria, minyoo na kichocho navyo hula damu. Vidonge pekee havitoshi. Dagaa ni wazuri, ila hawazibi pengo la kidonge.

Vidonge vihesabiwe kwa tarehe ya kurudi. Anayevuka maji kwenda visiwa vya Ukara au Kome apewe 60 mkononi, na aelezwe aviweke juu, mbali na watoto: mdogo akivibugia kama pipi vinaweza kumuua.