Mngoni, Baba Mkwe na Gobore la Kiingereza

Kosa langu lilianzia mezani, wala si kwenye uwanja wa shabaha. Baba mkwe wangu ni mzee wa Pennsylvania, Marekani, ambaye wikendi huigiza vita vya zamani: huvaa sare ya bluu ya askari wa 1863, akaiacha nyumba ya vyumba vinne na kwenda kulala kwenye hema. Siku hiyo aliniuliza kama nimewahi kuona bunduki ya kushindilia. Nikamwambia, Mzee, kwetu Songea hiyo ni gobore, babu yangu alikuwa nalo, mimi nimekua nalo. Mke wangu, aliyefundisha sekondari huko kwetu miaka miwili na anaujua ukoo wetu mzima, akakohoa.

Gobore la babu nililiona, hilo si uongo. Lilikaa nyuma ya mlango, likashindiliwa vipande vya nondo, na likilia usiku shambani nguruwe pori walihama na sisi nusura tuhame. Ila kazi yangu mimi ilikuwa kupiga debe. Na kama mnavyoona, sijaacha.

Jumamosi tukaenda. Bunduki ni nakala ya Enfield ya 1853: asili yake Uingereza, imetengenezwa Italia, mwenyewe Mmarekani, na mpigaji Mngoni. Ina kilo nne na ushei, na mtutu peke yake unakaribia mita. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, pande zote mbili, Kaskazini na Kusini, zilizitumia, jambo linalomfaa sana mzee: akichoka kuwa mtu wa Kaskazini habadilishi bunduki, anabadilisha koti.

Alinionyesha. Mimina baruti ya kichupa kimoja, gramu nne hivi. Weka risasi ya Minié, ile yenye tundu kitakoni ili moto uitanue iumane na mifereji ya mtutu. Shindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu wa chuma. Rudisha mdeki mahali pake. Vuta nyundo nusu, vika fataki, kile kikofia kidogo kinachowasha baruti, vuta yote, fyatua. Pale fataki inapovikwa pana kichuma ambacho kwao kinaitwa chuchu, na mzee alikitaja mara sita bila haya. Mimi mbele ya mkwe nilikiita "hapo". Akapiga risasi tano, moshi ukatanda, harufu ya mayai viza ikatufunika, na bati la shabaha, mita 50 mbele, likaitika mara tano.

Zamu yangu. Sasa mtu mwenye akili angenyamaza akashindilia. Mimi nikaanza kusimulia Maji Maji: 1905, Wangoni, Wajerumani na bunduki zao, Kinjikitile na dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Mkono unafanya kazi, mdomo unafanya kazi, na mzee anaitikia kwa kichwa. Risasi ikazama, mdeki ukarudi mahali pake, fataki ikakaa "hapo". Nikalenga kwa madaha, hata picha nikapigwa.

Pa!

Sauti ya njugu iliyokanyagwa. Mzee akapaza sauti: usiishushe, ielekeze mbele, subiri dakika nzima, baruti huchelewa. Nikasubiri. Dakika moja na kilo nne mikononi ni kama ibada ya mkesha. Fataki ya pili: pa. Nikasubiri tena. Ya tatu: pa. Jasho likanitoka na kuna baridi. Kinjikitile angekuwepo angetangaza kwamba dawa imeshika.

Ndipo mke wangu, kutoka kwenye kiti chake nyuma yetu, akaniita kwa Kiswahili ili baba yake asielewe: "Baba Neema, mbona hicho kichupa mezani bado kimejaa?"

Baba yake alielewa. Kichupa hakihitaji mkalimani.

Kumbe nilishindilia risasi peke yake bila baruti, na mtutu ulikuwa umejaa masizi ya zile tano zake, kwa hiyo ilikaa kama meno. Mzee akafunga skrubu kwenye ncha ya mdeki, akaizungusha mpaka ikauma risasi, akaniambia nishike kitako. Tukavutana kama watu wanaogombea muhogo. Risasi laini, skrubu ikachomoka na kipande kidogo tu, na baba mkwe akaenda chini, sare, kofia, heshima na yote. Kwetu mtu hasimami mbele ya mkwe wake aliye chini. Kwa hiyo na mimi nikakaa.

Alicheka mpaka akafuta machozi. Akaniambia baada ya mapigano ya Gettysburg, Julai 1863, waliokota bunduki zaidi ya 27,000, nyingi zikiwa bado zimeshindiliwa, maelfu kwa zaidi ya risasi moja, na kuna moja iliyokuwa na 23. Nikamwonea huruma sana yule wa 23. Huenda naye alikuwa anasimulia habari za babu yake.

Mwisho alifungua ile chuchu (basi, nimeitaja), akapenyeza baruti chembe chembe tundu lilipokuwa, akaifunga, akasukuma risasi chini tena, akanipa fataki. Puh! Risasi ikatoka kivivu kama kokwa ya embe iliyotemwa na mtoto, ikaanguka hatua chache mbele yetu. Ya pili nilipiga sawasawa, kimya, na bati likalia. Lakini hiyo hakuna aliyeipiga picha.

Iliyopigwa ni ile ya madaha. Jioni nikaituma kwenye kundi la ukoo, na baba mdogo akajibu kutoka Songea: "Safi sana mwanangu, damu ya babu hiyo! Umeangusha nini?"

Nikamwandikia: "Baba mkwe."

Alama mbili za bluu zipo tangu Jumamosi. Jibu sijapata.