Nimepakwa Mafuta kwa Mgongo wa Chupa, na Chupa Ninayo

Kwa kuwa shemeji keshaitangaza aibu yangu ya chupa ya kale kwenye magrupu matatu, na kila grupu lina toleo lake (moja linadai nimeuziwa chupa ya mafuta ya taa), acheni niseme mwenyewe.

Jumapili, gulioni hapa Massachusetts. Nikaiona mezani: Mrs. Winslow's Soothing Syrup! Kichupa cha duara, urefu kama sentimita 13, rangi ya maji ya bahari asubuhi. Dawa ya kutuliza watoto wanaoota meno, iliyoanza kuuzwa 1849 kule Bangor, Maine, na Jeremiah Curtis, mkwe wa huyo Bi. Winslow, pamoja na mwenzake Benjamin Perkins. Na watoto walitulia kweli, maana kila mililita 30 hivi zilikuwa na miligramu 65 za mofini. Wengine hawakuamka tena. Lebo ilikaa kimya mpaka sheria ya Marekani ya 1906 ilipolazimisha mofini itajwe.

Nikaikagua kwa sauti, ili muuzaji ajue kakutana na mwenyewe. Mshono wa kalibu unapanda ubavuni na kukoma shingoni, kwa hiyo mdomo umemaliziwa kwa mkono. (Ukiona mshono umepanda mpaka juu ya mdomo, hiyo ni ya mashine ya kutengeneza chupa, mambo ya mvumbuzi Owens ya kuanzia 1903.) Kitako hakina kovu la ile fimbo ya chuma ambayo fundi aliishikia chupa ikiwa moto, basi si ya miaka ile ya mwanzo kabisa. CURTIS & PERKINS imetuna vizuri. Dole gumba likapita juu ya herufi, likateleza.

Likateleza, jamani! Kioo kikavu, kidole kinateleza, na mimi nasema, "Mnaona vioo vya zamani vilivyokuwa laini?" Nikainusa. Mafuta ya watoto, wazi kabisa. Nikamgeukia shemeji: "Nusa. Dawa ya watoto hii. Miaka zaidi ya mia na harufu bado ipo." Akanusa, akanyamaza. Leo anasema alijua tangu pale. Muongo.

Dola 40. Hata punguzo sikuomba.

Jioni nikaenda laivu kuwafundisha kuosha. Maji ya vuguvugu, kamwe si ya moto, kwa sababu kioo cha zamani kikishtuliwa na joto kinapasuka. Tone la sabuni ya vyombo, brashi laini. Ikiwa bado mbichi iling'aa kama jicho la samaki aliyetoka kuvuliwa. Nikaifuta, nikaiinua mbele ya taa, nikaanza: "Sasa tazameni uangavu huu..."

Ukungu ulianzia begani, mwembamba, kama mtu kapumulia kioo. Nikaupangusa huku naongea. Ukarudi. Ukashuka kwenye W ya WINSLOW, ukatulia kidogo, ukashuka tena. Kila palipokauka palipauka. Nikasugua kwa kanga ya mama watoto, nikasugua kwa nguvu, na kadiri nilivyokausha ndivyo ilivyozidi kuwa nyeupe. CURTIS akaondoka. Ile alama ya & ikaondoka. PERKINS akabaki peke yake dakika nzima, naye akaenda. Mdomo wangu bado unasema "uangavu". Ndipo mmoja wenu, na namjua, akaandika: "Mpelekeni kliniki ya macho, ina mtoto wa jicho."

Nilizima simu kwa kusingizia chaji.

Nyie mnaocheka, ugonjwa wenyewe ndio huu: chupa ikikaa miaka ardhini penye unyevu, maji yanafyonza sodiamu kutoka usoni mwa kioo, yanaacha tabaka lenye vitundu na nyufa ndogo mno zinazotawanya mwanga. Ukiijaza mianya hiyo maji au mafuta, ukungu hauonekani. Ndiyo maana wajanja huzipaka. Siki haikusaidia, mchele na maji haukusaidia, vidonge vya kusafishia meno ya bandia ndiyo kabisa, kwa sababu si uchafu, ni kioo chenyewe kilicholika. Dawa yake ni kuizungusha siku kadhaa kwenye mashine, ndani yake vipande vya waya wa shaba na unga wa kung'arishia. Mashine yenyewe bei yake inazidi chupa mara kadhaa. Kabla ya kulipa, ifute kwa kitambaa chenye spiriti, isubiri ikauke. Nilishawaandikia hilo mwaka jana. Mimi mwenyewe.

Sasa iko dirishani, inang'aa vizuri tu. Mama watoto anauliza mafuta ya mtoto yanaishaje kwa wiki moja.