Umelamba Dume, Mwalimu!

Tangu nihamie shule ya mahitaji maalumu, kila ninayekutana naye ananipongeza. "Kutoka wanafunzi sitini hadi wanane? Umelamba dume, Mwalimu!" Hata shemeji yangu, ambaye hajawahi kushika chaki, ananiuliza muda wote unaobaki naupeleka wapi.

Unaobaki! Kule nilikotoka andalio la somo lilikuwa moja, ubao mmoja, maswali kumi, na asiyeelewa alichungulia kwa jirani, maisha yakaendelea. Hapa kila mtoto ana mpango wake binafsi wa kujifunza: malengo yake, vifaa vyake, tarehe ya kupima maendeleo, na mahali pa saini ya mzazi. Somo moja la kuhesabu naliandaa mara nane. Huyu anahesabu kwa vizibo, yule kwa picha, na wa dirishani hahesabu chochote mpaka feni izimwe, mlio wake unamkera. Nimeisikiliza hiyo feni. Kweli inakera.

Halafu kunawa mikono. Mimi nilizoea kusema "kanawe," basi. Thubutu! Huku ni somo zima: fungua bomba, lowesha, chukua sabuni, sugua, suuza, funga bomba, futa. Na kila hatua naijazia fomu: kafanya mwenyewe, kakumbushwa, au kashikwa mkono? Juzi mmoja kafunga bomba peke yake bila kuambiwa. Nilishangilia kama tumefunga goli la ugenini, hadi mwalimu wa darasa la pili akaja kuuliza nani kaanguka.

Mkuu wa shule naye kasikia nina wachache. Kanikabidhi michezo.

Usiku ni breli, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Nukta sita tu, na Louis Braille aliibuni akiwa na miaka 15, kwa hiyo mtu mzima utashindwaje? Ngoja ushike kibao na kijiti cha kutobolea. Unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kinyumenyume, ili karatasi ikigeuzwa mtoto asome kushoto kwenda kulia. Ukiigeuza F kichwani vibaya, inatoka D. Mwenzangu tuliyehamia naye kakesha akiandika maagizo ya darasani. Asubuhi mwanafunzi kapitisha vidole, kasoma "Dunga mlango," kisha kauliza kwa adabu zote:

"Kwa sindano, Mwalimu?"