Yule bundi msimpige mawe

Wiki iliyopita nilikuwa Pemba kikazi, siku nne, Wete. Usiku wa pili tumekaa barazani baada ya Isha, bundi akalia kwenye mwembe wa jirani. "Hu." Kimya. "Hu" tena. Vijana wawili wakainuka, wakaokota mawe, wakaenda. Waliporudi mmoja akaniambia, "Tushamfukuza, kaka. Huyu akilia mtu hufa."

Usiku ule usingizi ulinipaa. Bundi yule dunia nzima yuko Pemba tu. Unguja hatuna, Tanga hawana, Mombasa hawana. Akimalizika Pemba, kamalizika. Alitambulishwa kitaalamu mwaka 1937 na Pakenham, mtumishi wa serikali ya kikoloni hapa Zanzibar, akapewa jina la kisiwa chenyewe: Otus pembaensis. Mtu wa kuja alikaa akamsikiliza. Sisi wenyeji tunamwokotea mawe!

Kesho yake kazi ilikwisha mapema, nikenda msitu wa Ngezi. Mzee aliyenitembeza alinisimamisha chini ya mvule mpaka Magharibi ikapita. "Tochi usiwashe, mwanangu, mpaka nikwambie." Aliponambia, nikamwona: mdogo, nadhani angeenea kwenye viganja vyangu viwili, rangi ya kutu, macho ya manjano. Mguuni kashika panzi. Akamng'ata kichwa kwanza, kisha akammeza aliyebaki, na kutoka gizani mwenziwe akaitika. Huyo ndiye ndege tunayemwita wa wachawi. Chakula chake wadudu.

Nakubali kwamba hofu ile ni ya kweli. Bibi yangu akisikia bundi alikuwa akitia chumvi motoni, na siku aliyokuwa mgonjwa bundi akalia, nyumba nzima tulinyamaza. Lakini bundi hulia kila usiku. Siku ngapi kalia, watu wakaamka salama wakachemsha chai? Hizo hatuzihesabu. Tunauhesabu ule usiku mmoja wa msiba, na deni lake tunamdai ndege.

Na si mawe peke yake. Anaishi hata kwenye mashamba ya mikarafuu, na inaaminika anataga kwenye matundu ya miti, na matundu hayo yako kwenye miti mikongwe. Mwenye shamba anayeangusha mti mkuukuu kwa ajili ya kuni anambomolea nyumba. Namwomba auache japo mmoja.

Ndege wengine, ninga wa Pemba na chozi wa Pemba, nao hawako kwengine, lakini hao angalau hakuna anayewaogopa.

Usiku wa mwisho akalia tena, mwembe ule ule. Nikawaeleza wale vijana yote haya. Mkubwa alinisikiliza kwa adabu tu. Mdogo akaniuliza, "Unguja hayuko kweli?"

"Hayuko."

Akakaa kitako, akageuza uso kwenye mwembe. Jiwe alikuwa nalo bado mkononi.